Hesabu ya Uzazi Katika Tiba ya Ugumba

Katika ada za Waswahili mwanamke akijaliwa kuzaa hupata jina jipya. Jina alilopewa utotoni huwekwa kando, naye huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Asha, Mama Juma, na kadhalika. Asiyezaa hukosa jina hilo, na pengo lake husikika kila aitwapo. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uko uchungu wa pili, ambao aujuaye ni yule aliyemtamani mwana asimpate. Uchungu huu si wa wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa mtu mmoja katika kila watu sita hupatwa na ugumba kwa wakati fulani wa maisha yake. Si ajabu, basi, kwamba wanadamu wametafuta dawa yake tangu zamani. Wala si ajabu kwamba dawa ilipopatikana, furaha ya watu ilikuwa kubwa kuliko hadhari yao.

Kila tiba ina faida na ina gharama. Gharama ya fedha hulipwa mlangoni. Gharama ya afya hulipwa baadaye, na pengine hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Historia ya tiba ya ugumba ni historia ya gharama hii ya pili: jinsi ilivyofichwa na furaha, jinsi ilivyofichuliwa na daftari, na jinsi ilivyopunguzwa na watu waliokubali kubadili hesabu yao. Jambo moja humdhihirikia yeyote aifuataye historia hiyo kwa utulivu. Sehemu kubwa ya madhara yaliyowafika mama na watoto haikutoka katika maabara yenyewe. Ilitoka katika wingi. Yaani katika desturi ya kuwabebesha akina mama mimba ya watoto wawili, watatu au zaidi, mahali ambapo mmoja angalitosha.

Maabara haikuwa ya kwanza. Ilitanguliwa kwa miaka ishirini na dawa za homoni. Mwaka 1958 tabibu wa Sweden, Carl Gemzell, alitangaza kuwa ameziamsha ovari za wanawake ambao mayai yao hayakuwa yakipevuka. Homoni aliyoitumia ilichujwa kutoka katika pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na tezi hizo zilitolewa katika maiti. Huko Italia mwanakemia Piero Donini alikuwa amekwisha kugundua njia nyingine. Yeye alichuja homoni za jinsi hiyo katika mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Na kwa kuwa mkojo ulihitajiwa kwa wingi, ulikusanywa katika nyumba walimoishi watawa wazee. Dawa hiyo iliitwa Pergonal. Bruno Lunenfeld na wenzake katika Israeli waliitumia kuwatibu wagumba, na mtoto wa kwanza wa dawa hiyo alizaliwa mwaka 1962.

Hapo ndipo hatari mbili zilipojitokeza, ambazo zimeifuata tiba hii mpaka leo. Mwili wenye afya una breki yake: kwa kawaida hupevusha yai moja kwa mwezi na kuyazuia mengine. Dawa iliiondoa breki hiyo. Hatari ya kwanza ilikuwa ya ovari kuchochewa kupita kiasi. Ovari zilivimba, maji yalivuja kutoka katika mishipa ya damu yakajaa tumboni, na pengine kifuani, damu ilikuwa nzito na tayari kuganda, figo zilipungukiwa na kazi yake. Mwanamke aliyeingia hospitali akiwa mzima, ana haja ya mtoto tu, aliweza kujikuta kitandani akipigania roho yake. Hatari ya pili ilikuwa ya mayai mengi kupevuka pamoja na kutungwa pamoja. Julai 1965, katika mji wa Auckland, New Zealand, walizaliwa watoto watano wa mimba moja baada ya mama yao kutibiwa kwa homoni. Magazeti ya dunia yalishangilia. Watu wengi waliona muujiza. Wachache waliona onyo.

Iliyotoka katika maiti ilikuwa na hatari yake ya tatu, iliyokawia kuonekana. Katika Australia serikali iliendesha mpango wa kutoa homoni za pituitari ya maiti kuanzia mwaka 1967 mpaka mwaka 1985. Kiasi cha wanawake 1,500 walitibiwa kwa homoni hizo ili wapate watoto. Mpango ulifungwa ilipogundulika, kwanza katika nchi nyingine, kwamba tezi za baadhi ya maiti zilibeba maradhi ya Creutzfeldt-Jakob, ambayo huutoboatoboa ubongo kama sifongo na hayana dawa. Wanawake kadhaa wa Australia walikufa kwa maradhi hayo miaka mingi baada ya kudungwa sindano. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1994. Jambo hili lilifunza somo ambalo halikupaswa kusahauliwa: madhara ya tiba ya uzazi yaweza kulala usingizi kwa miaka kumi au ishirini, na hospitali isiyoweka habari za wagonjwa wake haiwezi kuyatambua yaamkapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali.

Wakati homoni zikitumika hivyo, Waingereza watatu walikuwa wakifanya kazi nyingine. Robert Edwards alikuwa mwanasayansi wa viumbe wa Cambridge. Patrick Steptoe alikuwa tabibu wa wanawake katika mji wa Oldham, bingwa wa kuchungulia tumboni kwa bomba jembamba lenye taa. Na Jean Purdy, muuguzi kwa mafunzo, ndiye aliyeisimamia maabara. Nia yao ilikuwa kulitoa yai la mwanamke, kulirutubisha kwa mbegu ya mume katika kisahani cha kioo, na kukirudisha kiinitete katika mji wa mimba. Mwaka 1971 waliomba fedha kwa Baraza la Utafiti wa Utabibu la Uingereza, wakanyimwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba usalama wa njia hiyo haujathibitishwa, na kwamba ilifaa majaribio ya kutosha yafanywe kwanza kwa wanyama wa jamii ya nyani. Watatu hao walitafuta fedha kwingine, wakaendelea.

Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Louise Brown katika hospitali ya Oldham. Mama yake alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba. Mambo mawili ya uzazi huo yapasa kukumbukwa, maana mara nyingi husahauliwa katika kishindo cha sifa. La kwanza ni kwamba yai lilikuwa moja. Edwards na Steptoe walikuwa wamejaribu dawa za kuchochea ovari kwa miaka, zikawashinda. Mwisho waliziacha, wakalingojea yai lile moja ambalo mwili ulilipevusha wenyewe. La pili ni kwamba mama alipandwa na shinikizo la damu siku chache kabla ya wakati wake, kwa hiyo mtoto alitolewa kwa upasuaji. Alikuwa mzima, na uzito wake ulikuwa kama kilo 2.6. Basi mtoto wa kwanza wa maabara alizaliwa peke yake, na mama wa kwanza aliingia katika hatari ile ambayo baadaye ingeonekana mara kwa mara katika daftari za wenzake.

Njia ya yai moja haikudumu. Yai moja likipotea, au lisiporutubika, kazi yote hupotea pamoja nalo. Matabibu wa Melbourne katika Australia, na wale wa Norfolk katika jimbo la Virginia, Marekani, walirudia dawa za kuchochea ovari, na safari hii walizitumia kwa ustadi. Mayai yalipatikana manne, sita, kumi. Swali likawa: viinitete vingapi virudishwe katika mji wa mimba? Siku hizo ustadi wa kuvigandisha kwa baridi na kuviweka akiba ulikuwa mchanga. Mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa katika Australia hakuzaliwa ila mwaka 1984. Kiinitete kisichorudishwa kilikuwa kimepotea. Tena, kila kiinitete kilikuwa na bahati ndogo ya kushika. Kwa hiyo walirudisha vitatu, vinne, na pengine zaidi, wakitumaini kimoja kitashika. Mara nyingi hakikushika hata kimoja. Lakini mara nyingine vilishika viwili, au vitatu, au vyote. Mapacha wa kwanza wa maabara walizaliwa Melbourne mwaka 1981, na watoto wanne wa mimba moja walizaliwa mji huo huo mwaka 1984.

Haifai kulitaja neno mapacha pasipo kueleza maana yake katika mwili. Mji wa mimba wa mwanadamu umeumbwa kwa mtoto mmoja. Mimba ya mmoja huchukua kiasi cha majuma 40. Ya mapacha kwa wastani huishia karibu na juma la 35, na ya watatu karibu na la 32. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya juma la 37. Hao ndio watoto njiti, wazaliwao kabla ya kutimiza siku zao: mapafu yao hayajakomaa, mishipa ya damu ya ubongo ni laini kama uzi wa buibui, na ngozi yao haiwezi kuhifadhi joto. Wengi huokolewa, baadhi hufa, na wengine huishi na mtindio wa ubongo, ambao huwapata mapacha mara kadhaa zaidi kuliko mtoto wa peke yake, na watoto watatu zaidi ya mapacha. Mama naye hana nafuu. Kadiri kondo linavyokuwa kubwa na watoto wanavyokuwa wengi, ndivyo ziongezekavyo hatari za shinikizo la damu na kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, kupungukiwa na damu, kupasuliwa, na kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa.

Habari hizi hazikuwa siri. Mwaka 1985 matabibu wa Australia walikusanya hesabu za kliniki zao pamoja, wakatangaza kuwa watoto wa maabara wanazaliwa kabla ya wakati kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1990 kikosi cha Baraza la Utafiti wa Utabibu la Uingereza, ndilo baraza lile lile lililokataa kutoa fedha mwaka 1971, kilichapisha hesabu ya watoto waliozaliwa nchini humo kwa tiba ya maabara na nyingine za jinsi yake tangu mwaka 1978 hadi 1987. Katika kila mara 100 za kujifungua, 23 zilikuwa za watoto zaidi ya mmoja, ilhali katika watu wote kwa jumla ilikuwa mara moja tu. Waliojifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 24, hali kawaida ya nchi ilikuwa asilimia 6. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa asilimia 32, hali kawaida ilikuwa asilimia 7. Waandishi wa hesabu hiyo walisema wazi kwamba mambo haya kwa sehemu kubwa, ingawa si yote, yalitokana na wingi wa watoto katika mimba moja.

Kwa nini, basi, mkono haukuzuiwa mara moja? Jibu halimo katika ubaya wa watu; limo katika namna walivyohesabu. Kliniki ilihesabu kuwa imefaulu pale mwanamke aliposhika mimba. Mimba ya watatu ilihesabiwa kuwa ni kufaulu kama ya mmoja, na pengine ilionekana kuwa ni kufaulu zaidi. Katika Marekani sheria ya mwaka 1992 ilizitaka kliniki zitangaze viwango vyao vya kufaulu, ili watu wasidanganywe. Nia ilikuwa njema, lakini kliniki zilizoshindania wateja ziliona kuwa kila kiinitete cha ziada hupandisha kiwango. Wazazi nao walikuwa na hesabu yao. Mtu aliyengoja miaka kumi, akauza shamba au akakopa ili alipe mara moja, huwaona mapacha kuwa ni neema maradufu, jamaa nzima kwa gharama ya mara moja. Na gharama ya chumba cha watoto njiti haikuandikwa katika daftari la kliniki. Iliandikwa katika daftari la hospitali nyingine, la serikali, au la nyumbani kwa mama. Aliyefanya tendo hakuona tokeo lake. Ndivyo watu wenye nia njema, kila mmoja kwa hesabu yake, walivyozalisha jumla ambayo hakuna aliyeitaka. Katika Marekani kiwango cha uzazi wa watatu na zaidi kilipanda mwaka hata mwaka, kikafika kilele mwaka 1998. Na mapacha, ambao mwaka 1980 walikuwa 18.9 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, walifika 33.9 mwaka 2014.

Mabadiliko yalitoka katika nchi ndogo za kaskazini mwa Ulaya. Katika miaka ya 1990 matabibu wa Finland na Ubelgiji walianza kurudisha kiinitete kimoja tu kwa wanawake vijana wenye viinitete vizuri, na kuvigandisha vilivyobaki. Wenzao wengi walisema watapoteza nusu ya mimba zao. Mashaka hayo yalipimwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, ambao uliwagawa kwa kura wanawake 661 wa nchi za Skandinavia wenye umri wa chini ya miaka 36. Kundi la kwanza lilirudishiwa viinitete viwili kwa pamoja. Kundi la pili lilirudishiwa kimoja, na ambaye hakufanikiwa alirudishiwa kimoja kingine kilichogandishwa. Waliopata mtoto hai katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 42.9; katika la pili walikuwa asilimia 38.8. Tofauti ilikuwa ndogo. Lakini katika waliozaa, wenye watoto zaidi ya mmoja walikuwa asilimia 33.1 katika kundi la kwanza, na asilimia 0.8 tu katika la pili. Karibu hatari yote ya wingi ilikuwa imeondolewa kwa bei ya subira. Mtaka yote hukosa yote. Na hapa asiyetaka yote kwa mara moja alipata karibu yote kwa mara mbili.

Sayansi ikisha kusema, hazina na sheria hufuata au hukataa. Sweden iliweka kanuni mwaka 2003 kwamba kwa kawaida kirudishwe kiinitete kimoja. Mwaka huo huo Ubelgiji ilifanya mapatano ya busara na raia zake: serikali italipia tiba ya maabara hata mara sita, kwa sharti kwamba idadi ya viinitete ipunguzwe, na mwanamke aliye chini ya miaka 36 arudishiwe kimoja tu mara ya kwanza. Mwenye kujua kuwa ana mara ya pili hana haja ya kucheza kamari na ya kwanza. Katika Uingereza mamlaka ya serikali isimamiayo tiba hii ilikuwa ikiruhusu viinitete vitatu. Mwanzoni mwa karne ya 21 iliteremsha mpaka viwili kwa walio chini ya miaka 40. Mwaka 2006 jopo la wataalamu lilishauri kuwa mtoto mmoja kwa wakati ndilo lengo. Na tangu mwaka 2009 kliniki ziliwekewa kiwango cha juu cha mapacha, kikashushwa hatua kwa hatua mpaka asilimia 10. Katika miaka ya 1990 uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja ulikuwa kama asilimia 28 ya uzazi wote wa tiba hiyo. Mwaka 2019 ulikuwa asilimia 6.

Si kila sheria ilifuata njia hiyo. Italia ilitunga sheria mwaka 2004 iliyokataza kurutubisha mayai zaidi ya matatu, na kuamuru kwamba viinitete vyote vitakavyopatikana virudishwe kwa pamoja. Iliyokusudia kukilinda kiinitete ilimfungulia mama mlango wa mimba ya watatu. Na Mahakama ya Katiba iliyafuta mashurti hayo mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 2009, mwezi wa Januari, huko California walizaliwa watoto wanane wa mimba moja. Mama yao alikuwa amerudishiwa viinitete 12. Wote wanane waliishi, na dunia ilistaajabu. Lakini bodi ya matabibu ya jimbo hilo ilimvua tabibu aliyehusika leseni yake mwaka 2011. Miaka arobaini na minne ilikuwa imepita tangu Auckland. Kishindo cha magazeti kilifanana, bali hukumu ilikuwa nyingine. Waliotazama watano wa mwaka 1965 walishangilia. Waliotazama wanane wa mwaka 2009 waliuliza nani aliyeruhusu.

Wingi ulipopunguzwa, swali la pili lilidhihirika, kama mwamba uonekanavyo maji yakupwapo. Je, mtoto wa maabara aliyezaliwa peke yake yu sawa na mwenziwe? Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa watoto wa jinsi hiyo, hata waliotimiza siku zao, walikabiliwa na hatari ya uzito mdogo mara 2.6 kuliko wengine. Mwaka huo huo hesabu za Australia ya Magharibi zilionyesha kasoro kubwa za maumbile katika watoto 9 kwa kila 100 wa tiba, dhidi ya 4.2 kwa kila 100 wa kawaida. Habari hizo zilitisha, na zilistahili kutisha. Hata hivyo wanavyuoni waliuliza swali la haki: je, kisababishi ni tiba, au ni ule ugumba uliosababisha tiba? Mwanamke mgumba aghalabu ana umri mkubwa zaidi, na huenda ana maradhi ya ovari, ya homoni au ya mji wa mimba ambayo yenyewe humdhuru mtoto.

Njia mojawapo ya kulijibu ni kuwalinganisha ndugu. Mwaka 2008 watafiti wa Norway waliwatafuta wanawake 2,546 ambao kila mmoja alizaa mtoto kwa tiba, na mwingine bila tiba. Tofauti ya uzito baina ya ndugu hao ilikuwa gramu 9 tu, uzito usiofika wa vijiko viwili vidogo vya maji. Mwaka 2012 hesabu za Australia ya Kusini zilionyesha tena kuwa kasoro za maumbile ni nyingi zaidi kwa watoto wa tiba, asilimia 8.3 dhidi ya 5.8, lakini hali za wazazi zilipozingatiwa, ongezeko lilitoweka kwa tiba ya kisahani cha kawaida, likabaki kwa ile njia iliyovumbuliwa Brussels na kutangazwa mwaka 1992, ya kuidunga mbegu moja ya kiume ndani ya yai kwa sindano. Yamkini sababu ni ya mbegu dhaifu, yamkini ni ya sindano. Hivyo lawama imegawanyika: sehemu ni ya maradhi ya wazazi, na sehemu, iliyo ndogo, ni ya mkono wa tabibu. Louise Brown mwenyewe alizaa mwana mwaka 2006 pasipo tiba, na waliozaliwa kwa njia yake duniani wamepita milioni 12. Walio wengi kabisa ni wazima.

Kila dawa ya hatari moja, hata hivyo, yaweza kuzaa hatari nyingine. Mwaka 2016 matabibu wa China walichapisha uchunguzi wa wanawake 1,508 wenye maradhi ya ovari zenye vifuko vingi, ambao ovari zao ni rahisi kuchochewa kupita kiasi. Waliogandishiwa viinitete vyote, wakarudishiwa baadaye mwili ulipotulia, walipata uvimbe hatari wa ovari kwa asilimia 1.3 tu, hali wenzao waliorudishiwa mara moja walifikia asilimia 7.1. Watoto hai nao walikuwa zaidi. Lakini shinikizo la damu litanguliapo kifafa cha mimba liliwapata asilimia 4.4 ya waliogandishiwa, dhidi ya asilimia 1.4 ya wengine. Tabibu mwaminifu hana budi kumweleza mwanamke kuwa amemwondolea adui mmoja na kumkaribisha mwingine, kisha ampime damu yake kila mara mpaka ajifungue na baada yake.

Mambo haya yote yangeweza kusomwa Afrika ya Mashariki kama habari za ng'ambo, kama tiba yenyewe isingalikwisha kufika. Uganda na Kenya zilipata watoto wao wa kwanza wa maabara katika miaka kumi ya mwanzo ya karne ya 21, na Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha kwa upasuaji katika hospitali ya Kampala baada ya tiba hiyo. Mama na watoto walinusurika, na watu walifurahi. Aliyeifuata historia ya tiba hii hufurahi pamoja nao. Kisha huuliza kwa nini wawili. Mazingira ya Afrika ya Mashariki ni yale yale yaliyoizaa hesabu mbaya ya miaka ya 1980 na 1990: wengi hulipa kwa mifuko yao, hawana hakika ya kupata mara ya pili, na huwaona mapacha kuwa ni baraka ya kufidia miaka ya kungoja. Tena mimba itungwayo Nairobi au Kampala huenda ikazaliwa mbali na miji hiyo, mahali ambapo damu ya kuongezwa ni haba na mashine ya kumsaidia mtoto njiti kupumua haipo. Hatari ambayo Stockholm huitambua kwa takwimu, kijijini hutambuliwa kwa kaburi.

Kuna jambo la kutangulia hata hilo. Uchunguzi ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa katika Afrika ugumba utokanao na maambukizi na kuziba kwa mirija ulikuwa mwingi kuliko katika mabara mengine. Ndio ugonjwa wa mama yake Louise Brown. Maambukizi ya zinaa yakitibiwa mapema, na uzazi na utoaji wa mimba vikihudumiwa kwa usafi, wanawake wengi hawatahitaji kamwe kuingia maabara. Na hiyo ndiyo tiba ya ugumba isiyo na hatari kwa mama wala kwa mtoto.

Kwa watakaoihitaji, historia imekwisha kulipia masomo yao. Mwaka 2004 watafiti wa Melbourne, mji ule ule wa mapacha wa kwanza, walipendekeza kuwa kufaulu kwa kliniki kusihesabiwe kwa mimba, bali kwa mtoto mmoja, hai, aliyetimiza siku zake. Pendekezo hilo ni dogo kwa maneno, bali limebeba miaka arobaini ya vilio ambavyo havikuandikwa katika takwimu za kufaulu. Mwanamke aingiapo kliniki hatafuti mimba. Anatafuta kuitwa mama wa fulani, na kuwa hai amwitikie amwitaye. Hesabu iliyo pungufu ya hapo haijatimia.